Kitisho Kisicho na Sababu: Simba wa Tsavo katika Sinema

1. Utangulizi

Hofu ni mojawapo ya nguzo kongwe za fasihi simulizi ya Afrika ya Mashariki. Mtoto hukutana na zimwi katika ngano kabla hajajua kusoma wala kuandika, na mtambaji hodari hupimwa kwa jinsi anavyoweza kuwafanya wasikilizaji wasogeleane karibu na moto. Hata hivyo, uhakiki umezoea kuiona hofu kuwa kitu cha kupita tu, kiungo cha kuikolezea hadithi, wala si maudhui yanayostahili kuchunguzwa. Matokeo yake ni kwamba sanaa ya kutisha imeachiwa watengenezaji wa sinema wa nchi za nje, na mtazamaji wa Kiafrika hupokea vitisho vyao bila ya chombo cha kuvipimia.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi kitisho kinavyojengwa katika sinema mbili zilizotokana na tukio moja la kweli: Bwana Devil ya mwaka 1952 na The Ghost and the Darkness ya mwaka 1996. Tukio lenyewe, la simba wawili waliowala wajenzi wa reli kando ya mto Tsavo mwaka 1898, lilitokea katika nchi ambayo leo ni ya Taita na Taveta. Kwa hiyo mtazamaji anayezungumziwa humu ni yule wa Taveta, ambaye hawezi kwenda Voi kwa barabara ya Maktau bila ya kupita katika Mbuga ya Tsavo Magharibi, na ambaye kwake simba si ngano. Swali la msingi ni hili: sinema hizi hutisha kwa njia gani, na ni nini kinachobakia cha kitisho hicho zitazamwapo na wenyeji wa mahali zinapodai kupahusu?

Hoja itakayotetewa ni kwamba sinema ya kutisha haitishi kwa kuongeza kitu, bali kwa kuondoa. Huondoa sababu ya tukio, huondoa majina ya waliopatwa nalo, na huondoa mahali lilipotokea. Mtazamaji anayevirudisha vitu hivi vitatu haachi kuogopa, lakini huogopa kitu kingine.

2. Tukio na kitabu chake

Mwezi wa Machi 1898 afisa wa Kiingereza aitwaye John Henry Patterson alifika Tsavo, maili 132 kutoka Mombasa, kusimamia ujenzi wa daraja la reli ya Uganda. Kwa muda wa miezi kadhaa simba wawili madume wasiokuwa na manyoya ya shingo waliwanyakua wajenzi kutoka katika mahema yao usiku. Patterson aliwaua mwezi wa Disemba mwaka uo huo: wa kwanza tarehe 9, wa pili tarehe 29. Mwaka 1907 alichapisha kitabu chake, The Man-Eaters of Tsavo, na mwaka 1925 ngozi na mafuvu ya simba hao yaliuzwa kwa makumbusho ya Field mjini Chicago, ambako yangali yanaonyeshwa mpaka leo.

Idadi ya walioliwa imekuwa na historia yake. Katika kitabu Patterson alitaja Wahindi 28, pamoja na Waafrika ambao hapakuwa na aliyewahesabu. Baadaye alitaja watu 135. Uchunguzi wa kikemia wa mifupa na manyoya ya simba hao, uliochapishwa mwaka 2009, ulikadiria watu wapatao 35. Tofauti kati ya 28, 35 na 135 si ya hesabu peke yake. Kadiri tukio lilivyokwenda mbali na Tsavo, ndivyo idadi ya wafu ilivyozidi. Na hilo ni dalili ya kwanza kwamba kitisho kilikuwa kimeanza kupata soko.

Ikumbukwe pia kwamba reli hiyo ilijengwa na wafanyakazi takriban 32,000 walioletwa kutoka India, na kwamba takriban 2,500 kati yao walikufa, wengi wao kwa maradhi na ajali. Kwa kila mtu aliyeliwa na simba Tsavo, makumi walikufa kwa homa, kuhara damu na kazi yenyewe. Hakuna sinema iliyotungwa juu ya kuhara damu. Homa haina meno, wala haiwezi kupigwa risasi na shujaa katika sehemu ya mwisho.

3. Bwana Devil: kushtua na kutisha

Kiswahili hutofautisha vizuri hali ambazo watazamaji wengi huzichanganya. Mtu hushtuka kwa jambo la ghafla, huogopa kitu anachokijua, huhofu jambo ambalo bado halijaja, na huingiwa na kiwewe anapopoteza uwezo wa kuamua la kufanya. Mfuatano huu ni ngazi, na kazi ya sanaa yaweza kupimwa kwa kuangalia imefika kidato gani.

Bwana Devil, iliyoongozwa na Arch Oboler, ilibaki katika kidato cha kwanza. Sifa yake kubwa katika historia ya sinema ni kwamba ilikuwa sinema ndefu ya kwanza ya rangi iliyotazamwa kwa miwani maalumu, hata vitu vikaonekana kama vinatoka kwenye kitambaa na kumjia mtazamaji usoni. Simba aliruka, na watu wakaruka vitini. Huko ni kushtua. Na kushtua hakudumu, kwa maana mtu hawezi kushtushwa mara mbili kwa kitu kile kile bila ya kuanza kucheka.

Jina la sinema hiyo lastahili kuangaliwa na mwanaisimu. Neno moja ni la Kiswahili na la pili ni la Kiingereza, na hilo la Kiswahili ndilo wenyeji walilolazimika kumwitia mkoloni. Shetani amepewa heshima ya Bwana. Yamkini mtungaji alitaka ladha ya ugeni tu, lakini lugha ina tabia ya kusema zaidi ya alivyokusudia msemaji: mtu asomaye jina hilo kwa masikio ya Kiswahili haoni kuwa linamhusu simba peke yake.

Tarehe nayo ina maana. Sinema ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Los Angeles tarehe 26 Novemba 1952. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba, yaani wiki tano tu kabla. Mkutano huu wa tarehe haukupangwa na mtu. Lakini mwaka 1955 ilitolewa Uingereza sinema juu ya vita vya Mau Mau, nayo ikaitwa Simba. Katika miaka mitatu jina la mnyama lilikuwa limehamishiwa kwa mwanadamu aliyedai ardhi yake. Hivyo ndivyo kitisho kisichokuwa na sababu kinavyofanya kazi katika siasa: mtu akikwisha kuitwa mnyama, hakuna anayeuliza amekasirishwa na nini.

4. The Ghost and the Darkness: mbinu za kutisha

Sinema ya pili, iliyoongozwa na Stephen Hopkins kutokana na mswada wa William Goldman, ina ufundi mkubwa zaidi, na ingekuwa dhuluma kuikana. Inapanda ngazi mpaka hofu, na mahali pengine mpaka kiwewe. Mbinu zake kuu ni tatu.

Ya kwanza ni kificho. Kwa muda mrefu mtazamaji haoni simba mzima, bali huona nyasi zikitikisika. Mbinu hii ina ukoo wake. Katika Cat People ya mwaka 1942 chui hakuonyeshwa sana, ila kivuli chake ukutani mwa bwawa la kuogelea. Na katika Jaws ya mwaka 1975 papa alifichwa kwa zaidi ya nusu ya sinema, kwa sehemu kwa sababu papa wa mtambo alikuwa akiharibika kila mara. Kasoro ya chombo ikawafunza watengenezaji kile ambacho watambaji wa ngano walikuwa wakikijua siku zote: zimwi la kutisha ni lile ambalo msikilizaji analichora mwenyewe.

Ya pili ni sauti. Sinema hii ilipata Tuzo ya Oscar mwaka 1997 kwa uhariri wa sauti, na tuzo hiyo ilikuwa ya haki. Ngurumo, pumzi na mkwaruzo hujaza giza ambalo jicho haliwezi kulipenya. Lakini hapa ndipo kitabu cha 1907 kinapoishinda sinema. Patterson aeleza kwamba simba walinguruma walipokuwa mbali, kisha walipokaribia kambi wakanyamaza; na ni kimya hicho kilichowafanya wajenzi waanze kupigiana kelele za tahadhari kutoka hema hadi hema. Waswahili wamelisema jambo hili kwa maneno machache: simba mwenda pole ndiye mla nyama. Sinema haikuthubutu kutumia kimya hicho kikamilifu. Iliamini kwamba mtazamaji asiposikia kitu ataacha kuogopa, hali wenyeji wa Tsavo walianza kuogopa hapo hapo.

Ya tatu ni boma. Hiki ndicho kiini cha sinema, na ndicho kitakachomgusa mtazamaji wa Taveta kuliko chochote kingine. Boma la miiba ni ahadi: ndani ni kwa watu na nje ni kwa wanyama. Sinema inaivunja ahadi hii hatua kwa hatua. Kwanza anachukuliwa mtu mmoja kutoka hemani. Halafu mtego wa behewa unashindwa, watu wenye bunduki wakimkosa simba aliye hatua chache kutoka kwao. Halafu mtego wa behewa unashindwa, watu wenye bunduki wakimkosa simba aliye hatua chache kutoka kwao. Mwishowe simba anaingia hata katika ndoto ya mhusika mkuu, na kumshambulia mkewe na mwanawe kituoni. Mipaka yote imekwisha kuvuka, ya miiba, ya chuma na ya usingizi. Mfugaji wa kando ya ziwa Jipe, anayelilinganisha boma lake na giza kila jioni, hahitaji mhakiki wa kumfafanulia.

5. Kuondolewa kwa sababu

Aristotle alisema kwamba hofu katika tamthilia huamshwa na msiba wa mtu anayefanana na mtazamaji. Kauli hii yamlazimisha mhakiki aulize: sinema imemchagua nani awe ndiye anayefanana na mtazamaji? Wajenzi katika The Ghost and the Darkness ni wengi, lakini wenye majina ni wachache. Samuel, aliyeigizwa na John Kani, ndiye msimulizi. Hata hivyo anasimulia habari za wengine. Mahina, aliyeigizwa na Henry Cele, anasifiwa kwa ushujaa kisha anafanywa kuwa wa kuliwa, ili mtazamaji ajue ukali wa simba. Katika kitabu mahali hapo alikuwepo Ungan Singh, msimamizi wa Kisingasinga aliyeburutwa kutoka hemani mwake. Mtu wa kweli ameondolewa, na mwindaji wa Kimarekani ambaye hakupata kuwako Tsavo, Remington, ameingizwa ili Michael Douglas apate nafasi.

Jambo zito zaidi ni mgomo. Tarehe 1 Disemba 1898 wajenzi kwa mamia walilisimamisha garimoshi kwa kujilaza mbele yake, wakalipanda na kuondoka. Walimwambia Patterson kwamba walikuja kwa mkataba wa kufanya kazi ya serikali, si kuwa chakula cha simba wala cha shetani. Kazi ilisimama kwa muda wa wiki tatu hivi. Haya ni maneno ya wafanyakazi wanaoujua mkataba wao na kuutumia. Katika sinema tendo hili limegeuka kuwa msongamano wa watu wanaokimbia, nao ujasiri umebakia kwa wale wenye bunduki. Hofu ya mvujajasho, ambayo ilikuwa hofu yenye akili na yenye hoja, imefanywa kuwa kiwewe.

Kisha yapo maelezo juu ya simba wenyewe. Sinema yadokeza mara kwa mara kwamba hawa si wanyama wa kawaida, na kwamba wanaua kwa kupenda kuua. Historia inatoa sababu zilizo wazi. Ugonjwa wa sotoka uliopita Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890 uliwamaliza ng'ombe na nyati. Misafara ya pembe na ya watumwa ilikuwa imepita katika njia hizo kwa miaka mingi, ikiacha wagonjwa na maiti nyuma yake. Mmoja wa simba hao alikuwa na jino lililovunjika na usaha tayani, hata ikawa vigumu kwake kuwakamata wanyama wakubwa. Juu ya hayo yote, ikaletwa kambi ya watu maelfu waliolala katika mahema ya vitambaa. Kwa maneno mengine, simba wa Tsavo walitengenezwa na biashara, ugonjwa na ujenzi. Sinema inaviondoa vyote vitatu, kisha yashangaa simba wametoka wapi.

6. Mzimu ni nani?

Jina The Ghost and the Darkness laweza kufasiriwa Mzimu na Giza. Tafsiri hiyo ni sahihi kwa kamusi, na ni ya kupotosha kwa utamaduni. Neno la Kiingereza lina maana ya kivuli cha mfu kinachowasumbua walio hai bila ya haki. Mzimu katika Kiswahili na katika lugha jirani ni roho ya mhenga, na pia ni mahali anapoombwa. Mzimu una ukoo, una madai, na huweza kusuluhishwa. Wanaisimu wa Kibantu hulihusisha neno hili na zimwi na kuzimu katika shina moja; na methali yasema kuwa zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hata zimwi, basi, lina ujuano na mtu.

Kwa mujibu wa kitabu cha Patterson, wapo wajenzi walioamini kwamba simba wale walikuwa roho za watemi wawili waliokufa, zilizokasirika kwa sababu reli ilipitishwa katika nchi yao. Imani hii Patterson aliitaja kama ushirikina. Mhakiki aweza kuisoma vingine. Ni simulizi fupi yenye wahusika, tendo na sababu: nchi ina wenyewe, wenyewe hawakuulizwa, na ulipizaji umekuja. Miongoni mwa maelezo yote yaliyotolewa mwaka 1898, hili ndilo pekee lililoitaja reli kuwa ndiyo kosa. Sinema ililichukua jina la mzimu kutoka katika simulizi hii na kuyaacha madai yake.

Kosa hili laonekana wazi kabisa katika mandhari ya pango. Shujaa anaingia katika pango lililojaa mifupa ya binadamu, na hapo ndipo mtazamaji anapohakikishiwa kwamba simba hawa ni pepo. Patterson naye aliandika kwamba alilikuta pango lenye mifupa, akaamini kuwa ndilo maskani ya simba. Pango hilo lilipochunguzwa upya karne moja baadaye, wataalamu walitilia shaka maelezo yake na kupendekeza kwamba huenda lilikuwa mahali pa kuzikia watu. Yeyote anayezijua desturi za Wataita atalielewa pendekezo hilo upesi, kwa kuwa walikuwa na desturi ya kufukua mafuvu ya wazee baada ya muda na kuyaweka mapangoni kwa heshima. Ikiwa ni hivyo, mahali pa kutisha kuliko pote katika sinema palikuwa makaburi ya watu. Mifupa ile ilikuwa mizimu kwa maana halisi ya neno, nayo ikafanywa kuwa masazo ya mlo.

Kutofautiana huku si kwa sinema hii peke yake. The Exorcist ya mwaka 1973, iliyowatia wengi hofu huko Ulaya na Marekani, yategemea wazo kwamba pepo hana la kuzungumza naye ila kufukuzwa. Katika pwani ya Waswahili pepo huulizwa jina lake, huulizwa anataka nini, na huchezewa ngoma. Katika milima ya Taita wanawake waliopandwa na saka walitulizwa kwa ngoma na kwa kupewa walichokitamani. Katika mapokeo hayo pepo ana sababu. Basi mtazamaji aliyelelewa humo ataiona sinema hiyo kuwa habari ya watu wasiojua kuuliza.

7. Mtazamaji wa Taveta

Mtazamaji huyu anaanza na hasara na faida. Hasara ni kwamba sinema haikupigwa kwao. The Ghost and the Darkness ilipigwa zaidi Afrika Kusini, ambako nyasi ndefu zilifaa kwa mbinu ya kificho. Na simba waliotumiwa walikuwa wa kufunzwa, wenye manyoya makubwa ya shingo. Anayeijua Tsavo anajua udongo wake mwekundu, mibuyu, na vichaka vya miiba ambamo mtu haoni hatua kumi mbele yake. Nyasi zitikisikazo humwambia mara moja kwamba hapa si nyumbani, na sehemu kubwa ya kitisho hupotea hapo.

Faida yake ni kwamba anavyo vile vitu vitatu vilivyoondolewa. Ana mahali, ana sababu, na kama akiwauliza wazee, huenda akapata na majina. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini pia ndiye ajuaye tofauti ya nyoka na ung'ongo.

Isitoshe, mtazamaji wa Afrika ya Mashariki hakuwa bubu mbele ya sinema. Katika vibanda vya video walitokea wafasiri waliosimulia filamu kwa Kiswahili, kama vile Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, huko Tanzania, na DJ Afro nchini Kenya. Mfasiri wa namna hii humrudisha mtambaji mahali pake: huwapa wahusika majina mapya, huwakejeli mashujaa, huonya kabla ya hatari. Hofu iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyekaa gizani kimya hugeuzwa kuwa hofu ya kundi, yenye kicheko ndani yake, kama ilivyokuwa katika ngano. Nao watengenezaji wa Tanzania, mfano Mussa Banzi katika Shumileta, walijaribu kuwaingiza majini wa kienyeji katika filamu za video. Ufundi wao ulikuwa na upungufu mwingi, lakini jini lao lilikuwa na historia na madai, na hilo ni jambo ambalo fedha za Hollywood hazikulinunua.

8. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba sinema za simba wa Tsavo hupata nguvu yake kwa kulitenga tukio na mambo yaliyolizaa. Bwana Devil ilishtua. The Ghost and the Darkness ilitisha kweli kwa kificho, sauti na kuvunjwa kwa boma. Lakini zote mbili zilihitaji simba asiye na sababu, mfu asiye na jina, na nchi isiyo na wenyewe.

Kutokana na hayo, kazi mbili zinawangojea wanataaluma. Ya kwanza ni ya ukusanyaji. Masimulizi ya Wataita, Wataveta na Wakamba juu ya miaka ya reli, sotoka na njaa yapaswa kurekodiwa kwa lugha zake yenyewe na kufasiriwa kwa Kiswahili. Waliokuwa wakiyapokea kutoka kwa babu zao wanazidi kupungua. Ya pili ni ya ufundishaji. Sinema hizi zafaa kuingizwa katika masomo ya fasihi na kusomwa bega kwa bega na kitabu cha 1907 na ngano za zimwi, ili mwanafunzi ajifunze kuuliza, kila anapotishwa, ni kitu gani kimeondolewa mbele yake.

Mwanafunzi wa Taveta akiuliza hivyo atafika kwenye daraja lile lile la Tsavo, na ataogopa. Ila kitakachomtia hofu hapo ni hesabu ya watu 2,500 waliokufa kwa ajili ya reli, ambao hakuna makumbusho yaliyowawekea kabati la kioo.